Tatu Iliyojificha Ndani ya Trilioni 300

Faranga moja ya Kongo inayopokelewa leo sokoni Likasi ni sawa na faranga 300,000,000,000,000 za kabla ya mwaka 1967. Namba hiyo ilijengwa kwa hatua tatu. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Oktoba 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000. Mwaka 1998 faranga ikarudi, kila moja kwa zaire mpya 100,000.

Ukiivunja trilioni 300 katika vigawo vyake tasa, unapata 2 mara kumi na nne, 5 mara kumi na nne, na 3 mara moja. Kila 2 ikizidishwa na 5 inatoa 10, ndiyo maana sifuri ni kumi na nne. Ile 3 imebaki peke yake, na iliingia mwaka 1993.

Hatua za 1967 na 1998 zilihitaji kufuta sifuri tu. Noti ya zaire mpya 1,000,000 ilikuwa faranga 10, basi. Mwaka 1993 ilibidi ufute sifuri sita, kisha ugawanye kwa tatu. Noti kubwa za wakati huo, kuanzia 50,000 hadi 5,000,000, zote zilianza na 1, 2 au 5, na hakuna hata moja inayogawanyika kwa tatu. Zaire mpya ilikuwa na makuta 100, kwa hiyo likuta moja jipya lilikuwa zaire 30,000. Hata hapo kila noti iliacha baki.

Tuseme mfanyakazi wa kiwanda cha Shituru, hapo hapo Likasi, ana noti saba za zaire 1,000,000 za zamani. Anapata zaire mpya 2 na makuta 33, jumla ya zaire za zamani 6,990,000. Zinabaki 10,000 zisizo na sarafu ya kuzilipa.

Baki hilo lilijulikana bila kugawanya. Kwa kiasi chochote kinachoishia na sifuri nne, jumlisha tarakimu zake, gawanya jumla kwa tatu, na kinachobaki kizidishe kwa 10,000. Saba inaacha 1, yaani 10,000. Noti ya 5,000,000 inaacha 2, yaani 20,000. Noti tatu za aina moja haziachi kitu: tatu za 5,000,000 ni zaire mpya 5 kamili.

Thamani ya baki ilikuwa ndogo, na mfumuko wa bei uliokaribia 9,800% mwaka 1994 uliimeza upesi. Lakini hesabu ngumu iliachiwa muuza unga na mteja wake, watu ambao hawakuichagua namba hiyo. Anayepunguza sifuri za fedha ya nchi aanze na vigawo: kiwango kikiwa na kigawo tasa zaidi ya 2 na 5, atafute kingine.