Chicha ya Mlima

Aliyezoea kukuna nazi hahitaji kuona tui ili ajue limetoka. Huitazama chicha iliyobaki kwenye kifumbu, akasema: hii imekamuliwa. Ndivyo anavyosoma mjiolojia mwamba ulioyeyuka nusu, na mimi naiheshimu kazi hiyo kama ninavyouheshimu ufundi wa mhunzi.

Mwamba huo huitwa migmataiti, jina alilolitunga Jakob Sederholm wa Finland mwaka 1907 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mchanganyiko. Kwetu upo katika Ukanda wa Msumbiji, unaopita Taita, Pare, Usambara na Uluguru. Miaka ipatayo milioni 640 iliyopita, mabara yakisukumana na kuinua milima, miamba ya huku ilididimizwa zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi. Joto lilipokaribia nyuzi 800 za Selsiasi, mika ikavunjika na kuachia maji yaliyofungwa ndani yake. Maji hayo yakayeyusha kwanza kwazi na feldspa, vikawa uji. Madini meusi yakastahimili, na ganeti zikazaliwa kati yake.

Fundi wa miamba hapigi nyundo kwanza. Hupiga magoti penye mwamba uliosuguliwa na mto, akafuata kwa kidole mstari mweupe, uji ulioganda. Je, una ukingo mweusi? Kama unao, uji ule ulikamuliwa papo hapo, na ukingo ndio chicha yake. Kama hauna, huenda mweupe huyo ni mgeni aliyepanda kutoka chini zaidi. Baadaye hukata kipande na kukisaga hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye, ndipo atafute kwa hadubini utando mwembamba ulioganda katikati ya punje. Mwisho huichukua punje ya zirkoni akapima urani iliyogeuka risasi, apate umri.

Subira hiyo ina thamani kubwa, kwani hufunua uji ulikokwenda na ulichokifanya. Uji uliokusanyika na kupanda juu huganda ukawa granaiti. Na mwamba wenye uji, hata kidogo, hulegea, mlima ukatanuka kwa uzito wake wenyewe.

Ile milima ya kale imekwisha kuliwa na mvua. Uluguru tunayoipanda leo iliinuliwa baadaye sana, na mawe yake yalikuwa sakafu ya iliyotoweka. Tui lake lilikwenda zamani. Chicha ingali mtoni, inamngoja mwenye kujua kupiga magoti.