Testa ya Kwanza

Nilikuwa saidia fundi wa miezi miwili nilipotumwa Kariakoo nikanunue testa yangu mwenyewe. Nilirudi na ile ya bisibisi, mpini wa plastiki angavu, bei ya soda mbili, nikaichomeka kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya karani. Fundi hakusema neno. Aliichukua, akafungua kofia yake, akamimina vilivyomo kwenye kiganja changu: springi, kitaa cha neoni kama punje ya mpunga, na rezista.

"Hiyo rezista," akasema, "ndiyo iliyosimama kati yako na mauti."

Hakutia chumvi. Ukigusa waya wa moto kwa testa ile, kidole kikiwa kwenye kofia ya chuma, umeme hupita kwenye kitaa, ukaingia mwilini mwako na kuelekea ardhini. Rezista huupunguza usiuhisi. Ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao, kitaa chaweza kufifia mno. Mchana wa jua huenda usikione kabisa. Na kisipowaka, waya umezimwa au kitaa kimekufa? Hakisemi.

Multimita nayo naipenda, lakini si ya kuanzia. Mwanafunzi akisahau waya wa kipimo kwenye tundu la ampea, kisha akapima soketi, amepiga shoti mkononi mwake. Kwa hiyo anayeniuliza leo namwambia akusanye pesa anunue kipimo cha volti chenye ncha mbili, kisicho na kitufe cha kuzungusha. Atazame maandishi ya CAT III, yaani kimeundwa kuhimili mishtuko ya ghafla ya umeme kwenye nyaya za jengo. Atazame pia ncha zenyewe: chuma kinachoonekana kiwe kifupi, na pawe na ukingo wa kuzuia vidole visiteleze.

Fundi alikuwa nacho cha namna hiyo, kimechakaa, maandishi yamefutika kwa jasho. Wiki ileile tuliitwa Ilala kubadilisha holda ya balbu katika nyumba ya zamani. Swichi ilikuwa imezimwa. Fundi akatoa balbu, akagusisha ncha mbili kwenye skrubu mbili za holda: kimya. Nikanyoosha mkono. Akaushika kifundoni, kwa nguvu, akahamisha ncha moja kwenye waya wa ethi.

230.

Aliyefunga umeme katika nyumba ile alipitisha nyutro kwenye swichi, akauacha waya wa moto uende moja kwa moja hadi darini. Giza lilikuwa la balbu tu. Holda ilikuwa na moto miaka yote hiyo, na kila aliyebadilisha balbu alipitisha vidole karibu nao. Testa yangu ya bei ya soda ingewaka pale, nakiri. Lakini kipimo chochote hujibu swali uliloliuliza, na mimi nilikuwa nimeridhika na swali moja.

Akazima breka ya taa. Akaenda kwanza kwenye soketi ya chumbani, iliyokuwa bado na umeme, akapima: kipo kizima. Akapanda ngazi, akapima moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Kimya mara tatu. Akashuka, akarudi kwenye soketi ileile, akapima tena. Kikawaka.

Ndipo akanipa bisibisi.