Miongozo ya Maktaba Hurekebishwa Kuanzia Uani

Mkutubi akiwa ofisini kwake chuoni, akanakili anwani ya makala kutoka kwenye kivinjari na kuibandika katika mwongozo wa somo, kiungo hicho kitamfungukia vizuri kila atakapokijaribu. Kampuni inayouza kanzidata humtambua kwa anwani za mtandao wa chuo na kumfungulia bila kumuuliza jina. Mwanafunzi aliye nyumbani, anayetumia bando la simu yake, atabofya kiungo hichohicho na kukutana na ukurasa unaomdai malipo, kwa sababu anwani ile haikupitishwa kwenye proksi ya maktaba, yaani seva inayothibitisha kwamba mtu aliye nje ya chuo ni wa chuo. EZproxy, programu inayofanya kazi hiyo katika maktaba nyingi za vyuo, iliundwa na Chris Zagar mwaka 1999, na tangu 2008 imo mikononi mwa shirika la OCLC. Tatizo hili basi ni la zamani na dawa yake inajulikana. Bado linajirudia, na kinachofanya lijirudie ndicho kinachozaa kasoro nyingi za miongozo ya maktaba mtandaoni: aliyeandika hawezi kuiona kasoro akiwa pale alipokaa, na kanuni ya kuandika viungo haipo mahali ambapo angeikuta siku anapoihitaji. Ndiyo maana nashikilia kwamba maktaba inayotaka kuboresha miongozo ya wasomaji ianze na tovuti ya ndani, ile ya wafanyakazi, ambayo kwa kawaida huachwa iwe ya mwisho. Sebule hupangwa kwa ajili ya wageni, lakini chakula chenyewe hutoka uani.

Wazo la mwongozo lilianza likiwa dogo na lenye nidhamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakutubi wa MIT huko Marekani walikuwa wakichapisha karatasi fupi za kumwonyesha mwanafunzi pa kuanzia katika mada moja: ensaiklopidia ipi, vichwa gani vya mada katika katalogi, faharasa gani ya majarida. Karatasi hizo hazikudai kumaliza mada. Ufupi ulilazimishwa na karatasi yenyewe, na nafasi ilipoisha, mwandishi alilazimika kuchagua. LibGuides ya kampuni ya Springshare ilipokuja mwaka 2007, ilimpa mkutubi uwezo wa kutengeneza ukurasa bila kujua HTML na bila kusubiri idara ya kompyuta. Huo ulikuwa ukombozi wa kweli, wala sioni sababu ya kuubeza. Ila uliondoa pia kizuizi cha karatasi. Kila mkutubi wa masomo alijenga kurasa zake, akaongeza vichupo, akanakili masanduku ya mwenzake. Mwaka 2017 kanzidata ya LexisNexis Academic ilipoacha nafasi yake kwa Nexis Uni, maktaba iliyoandika jina la zamani kwa mkono katika kurasa zake haikuwa na njia nyingine ila kuzipitia moja baada ya moja.

LibGuides yenyewe tayari inayo dawa, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Unapotaka kutumia tena sanduku la maelezo lililo katika mwongozo mwingine, mfumo hukupa njia mbili. Unaweza kulinakili, likawa lako na kuanza maisha yake, au unaweza kuliunganisha, likabaki moja, hivi kwamba akilirekebisha mwenye nalo hurekebishika kila lilipowekwa. Kwenye skrini, tofauti ya njia hizi mbili ni alama moja ya tiki. Baada ya miaka mitano, ndiyo tofauti kati ya maelezo yanayosahihishwa mara moja na nakala nyingi zinazopingana kuhusu jinsi ya kuazima kitabu kutoka chuo kingine. Kanzidata nazo ni vivyo hivyo: zikiwekwa mara moja katika orodha kuu ya A hadi Z, na kila mwongozo ukachota humo, basi jina, anwani na proksi hubadilishwa mahali pamoja tu. Lakini mfumo haumlazimishi mtu kuchota. Anayelazimisha ni utaratibu wa kazi, na utaratibu usioandikwa huondoka na mtu anayehama au kustaafu.

Hapo ndipo tovuti ya ndani inapoingia. Katika maktaba nyingi, maarifa ya kazi yametawanyika kati ya barua pepe za zamani, mafaili ya pamoja yasiyo na tarehe, na kurasa zilizopangwa kwa majina ya idara na kamati. Mfanyakazi mgeni anayeuliza afanye nini kanzidata inapoacha kufunguka hawezi kujua kwamba jibu limo ndani ya kumbukumbu za kikao cha kamati fulani. Marekebisho yanayofaa ni kupanga tovuti hiyo kwa kazi zenyewe: kuongeza kanzidata, kufuta mwongozo, kuripoti kiungo kilichokufa, kuandika maelezo ya picha kwa wasioona. Kila ukurasa uwe na mwenye dhamana anayejulikana kwa cheo, kwa kuwa vyeo hudumu kuliko watu, na tarehe ya kupitiwa tena. Jambo moja ni la hatari zaidi ya uzembe: katika LibGuides, mwongozo uliowekwa katika hali ya faragha hauonekani kwenye orodha, lakini yeyote mwenye anwani yake huufungua. Maktaba inayouchukulia kama kabati lenye kufuli na kuweka humo nywila za wauzaji imejidanganya.

Watakaopinga wa kwanza ni wakutubi wa masomo, na hoja yao ina uzito. Wanasema kanuni za pamoja zitageuza miongozo yote kuwa sura moja, na kwamba mkutubi wa sheria anajua mambo ambayo kamati ya tovuti haitayajua kamwe. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kumwondolea kazi isiyo ya utaalamu wake. Saa anazotumia kunakili upya maelezo ya namna ya kuingia ukiwa nje ya chuo ni saa zilizoibwa kutoka kwenye jambo analolijua yeye tu, kama vile kueleza kwa nini mwanafunzi wa sheria aanze na kitabu cha maelezo kabla ya kuparamia hukumu. Sauti yake itasikika zaidi ukurasa utakapopungua.

Pingamizi la pili hutumia takwimu za matumizi: futeni tu miongozo isiyotembelewa. Hapa naona wasimamizi wengi hukosea kwa haraka. Mwongozo unaomwelekeza mtafiti kwenye mkusanyo wa hati za Kiswahili uliopo katika maktaba ya SOAS, London, hauwezi kushindana kwa idadi na ukurasa wa kufundisha kuandika marejeo, lakini mtu anayeuhitaji hana pengine pa kwenda. Idadi ya wageni itazamwe, ila isiamue peke yake. Swali la kufuta liwe hili: je, kuna kazi halisi ambayo mtu huja kuifanya hapa, na kuna mfanyakazi anayeitunza? Ukurasa uliokosa vyote viwili uondoke, hata kama bado una wageni, kwa sababu wageni hao wanapotoshwa.

Wengine husema wanafunzi wamehamia Google na roboti za mazungumzo, hivyo yote haya ni kazi bure. Nadhani hali hiyo inaongeza haja. Injini za utafutaji na roboti hizo husoma kurasa za wazi za maktaba, na mwongozo wa zamani usiofutwa huweza kuibuka kama jibu kwa mtu ambaye hata hakuingia kwenye tovuti. Isitoshe, mwanafunzi aliyetoka Google huangukia katikati ya mwongozo, akiwa na simu mkononi. Ukurasa uliopangwa kwa safu tatu kwenye kompyuta, kwenye simu huwa safu moja ndefu: ya kushoto juu, ya katikati ikifuata, ya kulia chini kabisa. Mkutubi aliyeweka mawasiliano yake upande wa kulia ili yaonekane amemficha mwenye simu msaada uleule. Na anayetumia programu ya kusoma skrini akiomba orodha ya viungo, husomewa "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa". Kuyagundua haya hakuhitaji fedha nyingi. Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba kujaribu na watumiaji watano tu hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti, na wanafunzi watano hawakosekani mlangoni mwa maktaba yoyote.

Linabaki suala la uchache wa watu, ambalo kwetu Afrika Mashariki ni zito kweli. Maktaba ambayo mtu mmoja anashughulikia mfumo wa katalogi wa Koha, hazina ya tasnifu na tovuti haiwezi kuanzisha kamati ya maudhui. Lakini vyuo vya Kenya hulipia kanzidata kwa pamoja kupitia umoja wa maktaba wa KLISC, na vya Tanzania vina umoja wao wa COTUL. Ushirikiano uliopo katika kulipa unaweza kufika hadi kwenye maelezo. Jina la kanzidata likibadilika, taarifa ya umoja ingeweza kwenda vyuoni ikiwa na jina jipya, anwani ya kudumu, na aya fupi ya Kiswahili na ya Kiingereza iliyo tayari kuwekwa kwenye orodha kuu. Yule mtu mmoja angebakiwa na kazi ya kuongeza kipande cha proksi ya chuo chake mwanzoni mwa anwani, kisha kukijaribu kiungo kwa simu iliyozimwa Wi-Fi ya chuo.