Neno Mbele ya Kinasa Sauti

Anapotajwa Siti binti Saad, husifiwa sauti yake, wakasifiwa na watunzi waliompa maneno. Chumba kilichoipokea sauti hiyo hakitajwi. Mwaka 1928, mwana huyo wa Fumba alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, akarekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Sauti zao zilirudi Unguja katika sahani. Lakini kizuri hakikosi ila: pamoja na neema hiyo, ushairi ulipewa sharti jipya.

Sahani ya inchi 10, yenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua takriban dakika 3 kila upande. Ukumbini, mwimbaji wa taarab huurudia mshororo kadiri anavyotuzwa, na ala nazo zikapata zamu yake. Studioni, saa ndiyo iliyokuwa kadhi. Wimbo mrefu ulipunguzwa beti au ukagawanywa pande mbili. Kosa moja juu ya nta lilidai kuanza upya, kwani hapakuwa na njia ya kukata na kuunga. Basi kila neno lilipimwa kabla ya kutamkwa.

Utepe wa sumaku, sahani ndefu za mwaka 1948, na hatimaye kompyuta, viliuondoa ufinyu huo. Ajabu ni kwamba muda umepatikana, na neno limefifia. Katika rekodi nyingi za siku hizi kinanda na ngoma hutangulia, sauti ikafuata nyuma kama mgeni asiyealikwa.

Sababu yake imo ndani ya lugha yenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina hukaa katika silabi ya mwisho, isiyo na mkazo. Silabi hiyo ni dhaifu kwa maumbile. Mwangwi ukizidi, au ngoma ikipigwa juu yake, ndiyo ya kwanza kupotea. Na kina kikipotea, ubeti umebaki nathari yenye muziki. Fundi mitambo asiyelijua hili huweza kuipendeza nyimbo na kuliua shairi kwa mkono mmoja.

Mwenye studio ana utetezi wake. Umeme hulipiwa, mitambo ni ghali, saa huuzwa, na wachezaji wanataka mdundo. Hayo ni kweli. Lakini kukisikiliza kina hakuongezi gharama kubwa. Mazulia na mapazia mazito hupunguza mwangwi wa chumba. Maikrofoni ikisogezwa hunasa mwisho wa neno. Na mtunzi akikaa kando ya fundi, shairi lake mkononi, huweza kusema ni silabi ipi iliyomezwa.

Liko na jukumu la kuhifadhi. Unyevu wa visiwani huharibu tepu, na rekodi isiyoandikwa jina la mtunzi humzika angali hai. Studio inayostahili jina hilo hutunza nakala zaidi ya moja, pamoja na daftari la nani alitunga, nani aliimba na lini.

Wale wa mwaka 1928 walipewa dakika 3, wakahakikisha neno linasikika. Wa leo wamepewa muda wautakao. Kilichobaki kwao ni kusikiliza.