Uliza Kwanza Imeacha Nini: Mwongozo wa Kuchagua Programu ya Kuigia Vigeuzi vya Umeme

Wabunifu wa saketi hubishana kuhusu programu za kuigia kama mashabiki wa Simba na Yanga: kila mmoja ana timu yake, na habari za timu nyingine hataki kuzisikia. Ubishi huo haumsaidii anayetaka kubuni kigeuzi kitakachofanya kazi mezani. Ndani ya kigeuzi kimoja kuna mambo yanayotokea kwa nanosekunde 20, swichi inapowaka, na mengine yanayochukua milisekunde 50, mrejesho unapoirudisha volti mahali pake baada ya mzigo kubadilika. Muda wa pili unaupita wa kwanza zaidi ya mara milioni mbili. Programu ikifuatilia kila nanosekunde, jibu litachelewa. Ikitaka kwenda mbio, itaacha kitu njiani. Mjuzi hutafuta kujua imeacha nini, na kama kilichoachwa ndicho anachokichunguza.

Koo tatu

Ukoo wa kwanza ni wa SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, kwa mikono ya Laurence Nagel chini ya Profesa Donald Pederson. Ilikusudiwa saketi za ndani ya chipu. Kila transista na dayodi huelezwa kwa mkunjo wa hesabu, na milinganyo yote hutatuliwa upya kwa kila hatua ya muda. Humu wamo LTspice, PSpice, ngspice inayotumika ndani ya KiCad, na QSPICE ya mwaka 2023, kazi ya Mike Engelhardt, yuleyule aliyeandika LTspice. Ukoo huu huacha machache. Gharama yake ni muda, pamoja na tabia ya kukwama katikati ya kazi.

Ukoo wa pili huichukulia swichi kuwa imewaka au imezimika, bila hali ya katikati, na mikunjo ya vipuri huigeuza kuwa mistari michache iliyonyooka. PLECS ya kampuni ya Plexim ya Zurich, PSIM na SIMPLIS ni wa ukoo huu, kila moja kwa namna yake. Baina ya tukio moja la swichi na jingine hesabu inakuwa nyepesi, kwa hiyo maelfu ya mizunguko hupita upesi. Kinachopotea ni kile kitendo chenyewe cha kuwaka na kuzimika.

Ukoo wa tatu ni modeli za wastani, zilizopata msingi wake kwa kazi ya watafiti Middlebrook na Ćuk pale Caltech mwaka 1976. Swichi huondolewa kabisa, ukabaki wastani wa kila mzunguko. Zinafaa sana kwa kubuni udhibiti, lakini ukikaribia nusu ya masafa ya swichi usiziamini tena.

Anza na saketi ambayo jibu lake unalijua

Programu mpya isipewe saketi ngumu siku ya kwanza. Ipe kigeuzi cha kushusha volti, mfano wa chaja ya sola: volti 36 za paneli zinaingia, volti 12 zinatoka, mzigo ni ampea 10, masafa ni kilohezi 100, koili ni mikrohenri 47, na kapasita ya kutolea ni mikrofaradi 220. Kabla ya kubonyeza kitufe, shika kalamu. Swichi itawaka theluthi moja ya kila mzunguko. Mkondo wa koili utapanda na kushuka kwa ampea 1.7. Kapasita isiyo na kasoro itayumbisha volti kwa milivolti 10 hivi.

Sasa linganisha. Programu ikikupa milivolti 10, usishangilie. Kapasita halisi ya elektrolaiti ina ukinzani wa ndani. Ukiwa miliomu 30, huo peke yake unaleta milivolti 51. Jibu la milivolti 10 ni sahihi kwa kapasita ambayo hakuna duka linaloiuza. Vivyo hivyo, ukiweka dayodi yenye kushusha volti 0.6 na koili yenye miliomu 20, bila kubadilisha muda wa swichi, volti ya kutoka lazima ishuke hadi kama 11.4. Ikibaki 12 kamili, kuna kipuri umekiweka kwenye mchoro na programu haikihesabu.

Punguza hatua ya muda

Hili ndilo jaribio linalofichua mengi kwa kazi ndogo. Endesha saketi ileile, kisha punguza hatua ya muda hadi nusu. Jibu likibadilika, la kwanza halikuwa jibu. Chukua programu yenye hatua isiyobadilika ya mikrosekunde 1: kwenye kilohezi 100 mzunguko mzima ni mikrosekunde 10, kwa hiyo swichi inaweza kuwaka asilimia 30 au 40, hakuna 33. Saketi yetu itatoa volti 10.8 au 14.4, na aliyebuni ataanza kulaumu udhibiti wake. Programu iliyotengenezwa vizuri huitafuta nukta hasa ya swichi kugeuka, haingoji hatua inayofuata.

Angalia pia mitikisiko baada ya swichi kuzimika. Mtikisiko wa kweli unatokana na koili na kapasita zilizofichika ndani ya vipuri na waya, na masafa yake hayajali hatua uliyochagua. Mtikisiko unaobadilisha masafa kila unapobadilisha hatua umezaliwa na kanuni ya trapeza, njia ya kukokotoa ambayo SPICE nyingi huitumia. Njia nyingine ya kukokotoa, ya Gear, huutuliza, lakini jihadhari: inaweza kuutuliza hata ule wa kweli, ukadhani saketi yako ni shwari.

Dai hesabu ya nishati

Saketi ikishatulia, toa wati zinazotoka kwenye wati zinazoingia. Tofauti lazima ilingane na jumla ya joto la kila kipuri. Kwa chaja yetu, dayodi inakula kama wati 4, koili wati 2, na transista ya miliomu 10 theluthi ya wati kwa kupitisha mkondo. Kama kuwaka na kuzimika kwa pamoja kunachukua nanosekunde 40, ongeza wati 0.7 hivi. Programu za ukoo wa pili, zenye swichi kamilifu, zitaziona hizo 0.7 kuwa sifuri, isipokuwa uzilishe majedwali ya nishati ya kila tukio kwa mkondo, volti na joto mbalimbali. PLECS imejengwa kwa utaratibu huo, na ndiyo sababu inapendwa na wanaokadiria ukubwa wa vipoza joto.

Jaribio jingine dogo: unganisha kapasita ya mikrofaradi 10 yenye volti 10 na nyingine kama hiyo isiyo na chaji. Mwishoni kila moja ina volti 5, na nishati imeshuka kutoka mikrojouli 500 hadi 250, hata ukinzani wa waya uwe mdogo kiasi gani. Tazama programu inavyolipokea jambo hili. Inayokueleza wazi kuwa umeunganisha vitu visivyopatana inakuheshimu kuliko inayotoa mchoro mzuri na kunyamaza.

Modeli za vipuri

Modeli ya mtengenezaji isipokewe bila kuhojiwa. Nyingi zimepimwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi, ilhali transista ya chaja iliyofungiwa ndani ya kasha juani hupita hapo mbali, na ukinzani wake wa kuwaka unaweza kukaribia mara mbili. Dayodi ya kawaida ya SPICE huukata mkondo wa kurudi ghafla mno. Kapasita nyingi za kauri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo zikipewa volti karibu na kikomo chao, na modeli rahisi haisemi neno. Programu bora hukuruhusu kuifungua modeli, kuisoma na kuirekebisha. Modeli iliyofungwa kwa siri itumie kuthibitisha, usijifunzie humo.

Udhibiti

Weka kwenye chaja yetu udhibiti wa kilele cha mkondo, unaozima swichi mkondo wa koili unapofika kikomo, kisha shusha volti ya kuingia hadi 20. Sasa swichi inawaka asilimia 60 ya mzunguko, na bila mteremko wa fidia, unaoongezwa kwenye ishara ya mkondo, mkondo lazima uanze kuyumba kwa kilohezi 50, nusu ya masafa ya swichi. Modeli ya wastani iliyo rahisi itakuonyesha utulivu mtupu. Programu inayofuata kila swichi itauonyesha mtafaruku. SIMPLIS ilijipatia jina hapa, kwa kuwa hupima tabia ya mrejesho moja kwa moja kwenye saketi yenye swichi zake, bila kupitia wastani.

Pesa na mashine

LTspice na QSPICE ni za bure, na ngspice ni bure na msimbo wake uko wazi. Laptopu ya kawaida ya mwanafunzi inazimudu. Kabla ya kulipia leseni, uliza mambo mawili: faili zako zitafunguka leseni ikiisha? Na je, programu inakubali modeli za kampuni yoyote, au za muuzaji mmoja tu?

Kwa anayeanza, LTspice pamoja na kalamu yatosha kujifunza jinsi swichi inavyowaka na joto linavyozaliwa. Ukianza kubuni udhibiti, ongeza modeli ya wastani ndani ya LTspice hiyohiyo. Programu ya swichi kamilifu inunue pale kigeuzi kinapokuwa na swichi nyingi, au unapohitaji kuona sekunde nzima za kazi pamoja na joto lake. Na yoyote utakayoichukua, ipitishe kwanza kwenye chaja ya volti 36. Ikishindwa kutoa ampea zile 1.7, usiiulize swali jingine.