Mlango na Forodha: Uhakiki wa Istilahi za Kuhamisha Data katika Programu ya NiFi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za programu ya kuendeshea mitiririko ya data iitwayo Apache NiFi, hasa zile zinazohusu kuhamisha data kutoka kundi moja hadi kundi jingine lililomo ndani yake, na kutoka kituo kimoja hadi kituo kingine kilichojitenga. Yamkini msomaji wa jarida la lugha atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu wanaofunza taaluma ya kompyuta kwa Kiswahili hututazamia sisi tuwape maneno, nasi aghalabu huwapa maneno kwa njia moja tu. Tunachukua orodha ya Kiingereza, tunachora mstari katikati ya karatasi, na upande wa kulia tunaandika neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la upande wa kushoto.

Dai letu ni kwamba njia hiyo hutafsiri maneno bila ya kutafsiri mahusiano ya vitu. Pale ambapo Kiingereza kimetumia neno moja kwa mahusiano mawili, Kiswahili hakilazimiki kurithi utatanishi huo. Neno la Kiingereza "port", ambalo hapa tutaliandika poti, ni mfano bora wa jambo hili.

1. Programu na asili yake

NiFi ilibuniwa katika Idara ya Usalama wa Taifa ya Marekani, NSA, ambako iliitwa Niagarafiles. Mwaka 2014 ilikabidhiwa kwa Apache Software Foundation, na tangu hapo hutumiwa bila malipo na yeyote apendaye. Fikra iliyo chini yake ni ya zamani zaidi. J. Paul Morrison, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya IBM nchini Kanada, alianza kuikuza fikra ya kupanga programu kama mtandao wa vichakataji vinavyopokezana vifurushi vya habari, na mwaka 1994 akaitolea kitabu.

Jina la Niagara linatuletea picha ya maporomoko ya maji, nayo istilahi ya mtiririko inaikamilisha picha hiyo. Hata hivyo, kinachosafiri ndani ya programu hii hakifanani na maji. Maji hayahesabiki, wala tone moja halina jina lake. Katika NiFi kila kifurushi kina sehemu mbili: yaliyomo, na sifa zilizobandikwa juu yake, mojawapo ikiwa ni namba ya utambulisho isiyolingana na nyingine yoyote. Vifurushi hukaa katika foleni baina ya kichakataji na kichakataji. Kwa kawaida foleni hufikia kikomo inapokuwa na vifurushi 10,000 au data ya GB 1, na hapo kichakataji kinachoijaza husimamishwa mpaka nafasi ipatikane. Picha iliyo karibu na ukweli, basi, ni ya mizigo yenye lebo, nayo ndiyo itakayotuongoza katika uhakiki huu.

2. Makundi yaliyomo ndani ya makundi

Mchoro wa NiFi unapokuwa mkubwa, vichakataji hukusanywa katika kundi, na kundi huweza kuwa na makundi mengine ndani yake, bila kikomo maalumu. Juu ya yote kuna kundi kuu lisilo na mzazi.

Kanuni yake ni kali. Kichakataji kilicho ndani ya kundi hakiwezi kuunganishwa moja kwa moja na kichakataji kilicho nje. Kila kinachoingia hupitia poti ya kuingilia, na kila kinachotoka hupitia poti ya kutokea. Makundi mawili ndugu nayo huunganishwa kwa njia hiyo hiyo: mstari hutoka kwenye poti ya kutokea ya kundi la kwanza hadi poti ya kuingilia ya kundi la pili, nao huchorwa katika kundi la mzazi wao.

Mwenye kuzifahamu nyumba za mawe za Lamu hatapata taabu kuelewa mpango huu. Mgeni hupokewa dakani, na si kila apokewaye dakani hufika ndani. Vyumba hufuatana, na wa nje hana haja ya kujua kilichomo chumba cha mwisho. Hii ndiyo faida ya kundi: aliye nje anahitaji kujua milango tu, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha mpangilio wa ndani bila ya kuwasumbua majirani.

La kutiliwa maanani zaidi ni kile kinachotukia wakati kifurushi kinapovuka poti ya namna hii. Ukweli ni kwamba hakuna kikubwa kinachotukia. Yaliyomo hayanakiliwi, kwani yamehifadhiwa mahali pamoja katika ghala la kituo, na kifurushi ni rekodi inayoelekeza huko. Rekodi huondolewa katika foleni moja na kutiwa katika nyingine. Namba ya utambulisho inabaki ile ile. Kifurushi kimehama chumba, nyumba haijabadilika.

3. Kutoka kituo hadi kituo

Hali ni tofauti kabisa vituo viwili vinapohusika. Hapa "kituo" ni usakinishaji mmoja wa NiFi unaojiendesha wenyewe, uwe katika mashine moja au katika kikundi cha mashine zinazoshirikiana. Wengine hupendekeza neno "nakala", lakini neno hilo linadokeza kwamba kuna asili na kivuli chake, ilhali kila kituo hapa kina ghala lake, foleni zake na mamlaka yake.

Ili kituo kimoja kiwasiliane na kingine, mtumiaji huweka katika mchoro wake kitu kinachoitwa kundi la mbali, ambacho kwa kweli ni anwani ya kituo kingine pamoja na orodha ya poti zake zilizo wazi kwa wageni. Usafirishaji hufuata itifaki iitwayo Site-to-Site. Yaliyomo hutumwa kwa mtandao pamoja na sifa zake. Pande zote mbili hukokotoa namba ya ukaguzi ya kile kilichotumwa na kilichopokewa, na namba hizo zisipolingana shughuli hubatilishwa. Zikilingana, mpokeaji huthibitisha, na mtumaji hukiondoa kifurushi katika foleni yake. Kituo kikiwa kimelindwa, mgeni huonyesha cheti chake, na poti yenyewe huwa na idhini inayosema nani anaruhusiwa kuitumia.

Aidha, kifurushi kinachozaliwa upande wa pili kina namba mpya ya utambulisho. Kumbukumbu za nasaba hutunza ile namba ya zamani ili mtafiti aweze kuifuata njia yote, lakini kifurushi chenyewe si kile cha awali. Na endapo mtandao utakatika baada ya mpokeaji kuhifadhi na kabla ya mtumaji kupata habari, mtumaji atatuma tena, na kifurushi kimoja kitakuwa viwili. Programu imejitahidi kuifanya nafasi hiyo kuwa ndogo, lakini haikuiondoa.

4. Neno moja, mahusiano mawili

Haya yote, ya nyumbani na ya ng'ambo, Kiingereza cha NiFi kimeyaita kwa jina moja la poti. Zamani utatanishi ulikuwa na mpaka. Poti zilizofunguliwa kwa vituo vingine zilikuwa katika kundi kuu peke yake, na kifurushi kilichotoka mbali kikielekea kundi la ndani kabisa kilipitishwa mlango kwa mlango, ngazi baada ya ngazi. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2019, poti iliyo katika kundi lolote, hata lililofichika vipi, inaweza kufanywa ipokee kutoka kituo kingine. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli kwa mtumiaji, kwani msururu wa milango isiyo na kazi uliondolewa. Lakini kwa upande wa lugha tatizo lilizidi. Sasa poti mbili zaweza kukaa bega kwa bega katika kundi moja, kwa jina la aina moja, moja ikipokea kutoka chumba cha pili na nyingine kutoka nchi nyingine. Tofauti yao imo katika chaguo lililofanywa poti ilipoundwa.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa, nayo ni ya zamani: mlango na forodha. Mlango hugawa nafasi iliyo chini ya mwenye nyumba mmoja. Forodha ni mahali ambapo shehena hufika kutoka kwingine, hukaguliwa, huhesabiwa, hati zake hutazamwa, na huandikishwa upya. Tumelichagua neno forodha mbele ya bandari kwa sababu bandari humaanisha hasa mahali pa kutia nanga, ilhali forodha hubeba maana ya ukaguzi na uandikishaji, na hayo ndiyo yanayotofautisha poti ya mbali na poti ya ndani.

Je, tofauti hii ni ya mapambo tu? La. Tuchukue mwanafunzi anayejenga mfumo wa kupitisha rekodi za wagonjwa. Akifundishwa kwamba vyote ni poti, atatarajia namba ya kifurushi ibaki ile ile kila mahali, na ataitafuta upande wa pili asiione. Hatafikiria kujikinga dhidi ya rekodi iliyofika mara mbili, na dawa iliyoandikwa mara moja itahesabiwa mara mbili. Akifundishwa mlango na forodha, neno lenyewe litamkumbusha kwamba kuna kukagua, kuandikisha na kuthibitisha.

5. Kuingia, kutoka na msimamo wa msemaji

Kuna utata wa pili. Poti ya kuingilia, ikitazamwa kutoka nje, ni mwisho wa mstari. Ikitazamwa kutoka ndani ya kundi, ni chanzo ambamo vifurushi vyachomoza. Mwanafunzi akiwa ndani huona kitu kilichoandikwa "kuingia" kikitoa, na kilichoandikwa "kutoka" kikipokea.

Sarufi ya Kiswahili ina nyenzo ya kumsaidia. Ngeli ya mahali hutulazimisha kuchagua: kundini mmejaa vifurushi, kundini pamejaa vifurushi, kundini kumejaa vifurushi. Ya kwanza huzungumzia umo, ya pili upo, ya tatu uko. Mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili akishikilia mu- anapoeleza yanayotukia ndani ya kundi, na ku- anapoeleza yanayotukia katika kituo cha mbali, msomaji atajua amesimama wapi bila ya kuambiwa. Waandishi wengi siku hizi huelekea kutumia ku- kila mahali. Hapa tunapata sababu ya kiutendaji ya kuihifadhi tofauti hiyo.

Kwa upande wa forodha, hata vitenzi kuingia na kutoka havitoshi. Poti ya kutokea iliyofunguliwa kwa wageni haitumi chochote. Inangoja mpaka kituo kingine, kwa njia ya kundi lake la mbali, kije kuvichukua vifurushi. Anayeanzisha safari ni mwenye kundi la mbali, siku zote, awe analeta au anachukua. Tunapendekeza basi forodha ya kushushia na forodha ya kupakilia. Chombo ndicho kinachosafiri, nayo forodha imetulia mahali pake. Vitenzi hivi viwili hubainisha nani anaanza kitendo, jambo ambalo istilahi ya Kiingereza imeliacha kwenye maelezo ya pembeni.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtumiaji anasoma skrini ya Kiingereza, kwa hiyo istilahi mbili kwa moja zitamchanganya. Pingamizi hili lina uzito. Lakini istilahi za kufundishia zina wajibu wa kueleza, wala si wa kuakisi skrini peke yake. Katika jedwali la sehemu za programu, neno poti laweza kubaki kama jina la jumla, na mlango na forodha vikawa aina zake mbili.

La pili ni kwamba sitiari huzeeka na kudanganya. Ni kweli. Forodha halisi hutoza ushuru, na hapa hakuna ushuru. Mlango halisi hupitisha watu pande zote mbili, ilhali mlango wa NiFi huenda upande mmoja tu. Mwalimu hana budi kuyataja mapungufu haya. Hata hivyo poti nayo ni sitiari, iliyochoka kiasi kwamba haionekani tena, na sitiari isiyoonekana hupotosha zaidi kuliko ile inayojulikana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuvuka kutoka kundi hadi kundi na kuvuka kutoka kituo hadi kituo ni vitendo viwili tofauti katika yaliyomo, utambulisho, idhini na hatari, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuvitaja kwa uwazi kuliko lugha iliyovibuni. Pendekezo letu kwa wanaotunga orodha za istilahi ni kwamba kabla ya kutafuta neno waiendeshe programu yenyewe, wafuate kifurushi kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na waulize katika kila hatua: nini kimebadilika, na nani amekibadilisha? Pale ambapo jibu ni tofauti, istilahi nayo iwe tofauti.

Mapendekezo yaliyotolewa hapa hayajapimwa madarasani. Tunawaalika walimu wanaoifunza programu hii kuyajaribu na kuyasahihisha, kwani istilahi huthibitishwa na matumizi.