Kitabu cha Mzee Kitereza na Kibao cha Shule

Ukitoka hapa Shinyanga ukafika Mwanza, kisha ukapanda meli hadi Nansio, umeingia Ukerewe, kisiwa cha wakulima na wavuvi katika Ziwa Viktoria. Wakerewe si wengi. Hata hivyo wanayo riwaya ya zaidi ya kurasa 600, iliyoandikwa na mwana wa kisiwa, juu ya wazee wao walivyolima, walivyovua, walivyopika pombe, walivyooana na kuzikana kabla Wazungu hawajaja. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ya Aniceti Kitereza.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa mwalimu kijana, ilinichosha. Kisa chenyewe ni chepesi. Myombekere ananyang'anywa mke na wakwe zake kwa kuwa ndoa haina mtoto. Anakwenda kumwombea, anatozwa pombe ya ndizi, mke anarudi, mganga anahangaika nao, na mwishowe watoto wanapatikana. Lakini kila kisa kinaposhika kasi, mwandishi anasimama kufundisha: pombe hutengenezwa hivi, mgeni hukaribishwa vile. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwandikia pembeni kwa wino mwekundu, "Umetoka nje ya mada."

Baada ya kustaafu nimeisoma tena, na sasa najionea haya kwa wino ule. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Watoto aliojaliwa na mkewe Anna walifariki wote wangali wadogo. Mzee huyu hakuwa na mjukuu wa kumsimulia jioni kando ya moto, basi akaisimulia karatasi, na aliyekosa wa kumrithisha hathubutu kuruka jambo. (Salamu zimezidi, hilo silirudi nyuma. Watu wanaamkiana mpaka msomaji anasahau walikuwa wanakwenda wapi.)

Linaloniuma ni jingine. Kitabu hiki kiliandikwa kwa Kikerewe, kikakamilika mwaka 1945, wala hakikupata mchapishaji. Ilimbidi mwandishi akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki, na maneno yake ya Kikerewe bado hayajapigwa chapa.

Kule Ufaransa, katika pwani ya Bretagne, alikuwako Pierre-Jakez Hélias, mtoto wa wakulima maskini wa Pouldreuzic. Naye aliandika maisha ya kijiji chake kwa Kibretoni, akayafasiri mwenyewe kwa Kifaransa. Kitabu kikatoka mwaka 1975 na kusomwa mno. Wapo Wabretoni waliomlaumu, wakisema ameifanya lugha yao maiti ya kulilia. Lakini Hélias aliishi kukiona kitabu chake kikichapwa kwa Kibretoni mwaka 1986. Hapo ndipo Kitereza alipopunjwa.

Tena katika shule za huko, mtoto aliyesikika akisema Kibretoni alitundikwa kitu shingoni, mara nyingi kiatu cha mti. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu.

Kwa maana kabla sijawa mwalimu mkuu nilifundisha katika shule ya mazoezi ya chuo kimoja cha ualimu mkoani hapa, na kamba ya kibao nimeifunga kwa mikono yangu. Tulikuwa tunajenga taifa, na Kiswahili kilituunganisha kweli. Hilo sitalikana hata leo. Siku moja, kama mwaka 1976, nilimwuliza mvulana wa darasa la nne ng'ombe wao wanalishwa wapi wakati wa kiangazi. Akajibu, "Ngitili." Hakulijua neno la Kiswahili la malisho yanayofungwa masika ili yatumike kiangazi. Nami sikulijua, wala silijui hadi leo. Nikamvisha kibao.

Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza kurudisha miti katika nchi yetu iliyokuwa imekuwa jangwa, na baadaye mabwana misitu wakawa wanazunguka vijijini wakiwahimiza watu wafunge ngitili. Katika mkutano mmoja nilimwona kijana yule, sasa mtu mzima, akiwaonyesha mipaka ya ngitili ya babu yake. Aliponiona alivua kofia, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa Kiswahili safi kabisa.